Nani Amekanyaga Breki

Gari liliwaka. Hapo ndipo palipouma.

Lingegoma na kwa mwanawe, angalau moyo ungetulia. Lakini kifunguamimba wake alishuka kwenye gari lake jipya, akavuka ua na shati lake la ofisini, akaingia kwenye gari kuukuu la mama yake, akainama kidogo kurekebisha kiti kwa sababu ana miguu mirefu, akazungusha ufunguo. Na lile gari, lililokuwa limemkatalia mama asubuhi nzima, likashika mara moja na kunguruma kama halijawahi kugombana na mtu.

"Mbona linawaka, mama?" akauliza huku akichungulia dirishani.

Upole wa sauti ile ndio uliompandisha hasira. Angemfokea, angejua la kujibu. Lakini alimsemesha taratibu, kwa maneno ya kumliwaza mgonjwa, na jirani alikuwa tayari ameshatokeza kichwa juu ya ukuta, maana yule mwanamke hapitwi na jambo.

"Halikuwa linawaka," mama akasema.

"Labda hukukanyaga klachi mpaka chini."

Klachi! Yeye aambiwe habari za klachi! Mji mzima ulikuwa umejaa madereva aliowafundisha yeye. Alikuwa mwalimu wa udereva tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na mtaani walimwita Mwalimu Breki, jina ambalo hakulipata bure. Gari lenyewe ndilo lililokuwa gari la shule yake. Mpaka leo lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa abiria, ile ya mwalimu, iliyounganishwa na ya dereva kwa chuma, ukikanyaga moja na nyingine inashuka. Kila gari liliposimama ghafla katikati ya somo, alikuwa na swali lake: "Nani amekanyaga, mimi au wewe?" Mwanafunzi asipojua, wanaanza upya. Akidanganya, anashushwa arudi kwa miguu. Huyu huyu mwanawe, alipokuwa anajifunza, alishawahi kurudi nyumbani kwa miguu juani, amenuna, vumbi mpaka kwenye kope.

Sasa ndiye anayemfundisha mama klachi. Mama akauma meno, akapanda garini bila kumuaga, akaenda zake kwa dada yake.

Ugonjwa wa gari lile ulikuwa wa ajabu. Siku nyingine unawasha unaondoka, huna habari. Siku nyingine ukizungusha ufunguo, stata inaizungusha injini kwa nguvu zote, hwi hwi hwi, lakini injini haishiki. Betri ni nzima, stata ni nzima, mafuta yamo. Gari linakutazama tu.

Yeye alikuwa amelisikiliza. Wanafunzi wake wote walijua kwamba ufunguo hauzungushwi kwa mkupuo. Unazungusha nusu, unangoja, unasikia pampu ya mafuta ikivuma chini ya kiti cha nyuma, ndipo unamalizia. "Msikie anapumua kwanza, halafu ndiyo umwamshe," ndivyo alivyokuwa akiwaambia. Basi siku gari lilipogoma, pampu haikuvuma. Kimya. Alimweleza fundi vizuri kabisa, tena kwa kumwonyesha kiti cha nyuma kwa kidole.

Fundi akabadilisha pampu. Gari likagoma na pampu mpya. Akasafisha vichwa vya betri, akabadilisha plagi, akafungua kile na kufunga hiki, na kila likifikishwa gereji linawaka kabla hata hajafuta mikono. Mwisho fundi naye akachoka. Akaegemea boneti, akampa lile tabasamu ambalo vijana huwapa wazee.

"Mama, gari lako halina neno. Mimi mwenyewe nimeliwasha asubuhi, mchana na jioni."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye neno?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umelisema."

Alirudi nyumbani damu inamchemka. Na nyumbani nako, mezani, wanawe wawili wakatazamana. Kulikuwa na namna mpya ya kutazamana katika nyumba ile, ya haraka, juu ya kichwa chake, kama wanavyofanya watu wazima mbele ya mtoto. Kitindamimba, aliyekuwa akiishi naye na kufanya kazi duka la dawa, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, kusahau si aibu. Ni umri tu."

"Nimesahau nini?"

"Basi, mama. Tuyaache."

Hawakuyaacha. Kifunguamimba akampeleka, kwa gari lile lile la mama, kwa daktari, rafiki yake, mtu mwema mwenye ofisi baridi. Daktari akamuuliza leo ni siku gani, akamwambia ahesabu kurudi nyuma, akampa kalamu achore saa. Mwalimu Breki, aliyekuwa akiamua nani apewe barabara na nani asipewe, akakaa pale kama mtoto wa chekechea anachora mishale ya saa. Aliichora sawasawa. Daktari akasema yuko vizuri, ila wamwangalie. Lile "ila" likapanda naye garini, likaingia naye ndani, likalala naye.

Maana hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wa kweli. Akazima jiko, akafika sebuleni, akarudi kuangalia kama amelizima. Akafunga mlango, akarudi kuutikisa. Akawa anakaa kwenye usukani na mkono wake uko kwenye ufunguo, anajiuliza: nimekanyaga? Nimeweka gia huru? Nimefanya, au nimedhani nimefanya? Mikono iliyomlisha maisha yote ikawa inamtisha. Usingizini alikuwa anaota anachora saa, na mishale inadondoka.

Hakumwambia mtu. Angewaambiaje, wakati wanangoja tu aseme?

Aliyemfumbua macho ni dada yake mkubwa. Dada huyu alikuwa amelala kitandani upande wa pili wa mji, miguu imekataa, lakini ulimi haukuwa na mpango wa kustaafu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akienda kumwosha, kumchana nywele na kumpa umbea. Gari likigoma, dada alikaa siku hiyo na nywele zake timtim, na hakuficha kwamba amechukia.

"Juzi umenitupa," dada akasema, kichwa kimelala kwenye mkono wa mdogo wake.

"Gari, dada. Liligoma tena."

"Na hapa kwangu likigoma, utalala wapi? Kitanda ni hiki kimoja, na mimi nakoroma."

Mama akacheka. "Kwako haligomi."

"Halijawahi?"

"Hata siku moja."

"Basi lina adabu. Linajua nani mkubwa."

Kitana kikasimama kwenye nywele. Dada akafungua jicho moja kuona kuna nini.

Kwa dada halikuwahi kugoma. Sokoni je? Sokoni halikugoma. Kituo cha mafuta? Hapana. Pale kwa daktari? Hapana, na siku ile jua lilikuwa kali mpaka usukani haushikiki. Lilikuwa limezimwa na kuwashwa kila kona ya mji, kwenye joto, kwenye mvua, kwenye foleni, na kote lilishika. Liligoma mahali pamoja tu, uani kwake, asubuhi, kabla hajatoka. Gari lenye ugonjwa huugua popote linapojisikia. Waya uliolegea haujui nyumbani wala sokoni. Aliyekuwa akijua nyumbani na sokoni ni mtu.

Halafu mambo mengine yakaja yenyewe, moja linalivuta jingine. Kitindamimba, ambaye tangu azaliwe hajaosha kikombe bila kusukumwa, siku hizi alikuwa na bidii ya kufuta gari la mama yake. Na kifunguamimba, kila alipokuja kuliwasha, aliinama kurekebisha kiti. Maisha yake yote mama alikuwa akitazama mikono na miguu ya watu wengine, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na sasa akaiona tena mikono ya mwanawe waziwazi. Kishikio cha kiti kiko chini ya kiti. Mkono wa mwanawe haukwenda chini ya kiti. Ulikwenda chini ya dashibodi, karibu na mlango, penye kifuniko cha fyuzi.

"Una nini?" dada akauliza.

"Sina kitu," mama akasema, na akamalizia kumchana, lakini alivuta kwa nguvu mpaka dada akapiga kelele.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alilala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, gauni limepanda magotini, jirani aone atakavyo, na tochi mkononi. Nyuma ya kifuniko cha fyuzi palikuwa na kidude cheusi, kidogo, kisichotoka kiwandani na gari. Swichi. Waya mwekundu, mpya, unang'aa katikati ya waya wazee waliofifia, uliingia kwenye swichi na kutoka kuelekea nyuma, kwenye pampu. Swichi ya siri, zile ambazo watu huwekewa na mafundi ili wezi wasiondoke na gari.

Akaibonyeza. Akazungusha ufunguo nusu. Kimya. Akaibonyeza tena. Pampu ikavuma chini ya kiti cha nyuma, mororo, kama ilivyovuma siku zote.

Alibaki pale amelala. Kwanza alitaka kucheka, maana kichwa chake kilikuwa kizima, mikono yake mizima, klachi alikuwa anaikanyaga mpaka chini kama alivyowafundisha wote. Kisha hasira zikaja, na hazikuwa zile za kupaza sauti. Zilimkaa kifuani zikatulia. Mwizi aliyewekewa swichi ile alikuwa yeye. Wanawe walikuwa wamekula njama, wakamfungia gari lake mwenyewe, na hilo angeweza hata kulimeza. Lakini walimtazama akijishuku. Walimwona akirudi jikoni kuangalia jiko, wakatikisa vichwa kwa huruma. Walimkalisha mbele ya daktari akachora saa, hali wanajua.

Kesho yake akampelekea fundi gari, akamwinamisha mpaka pua yake ikagusa swichi.

"Hii nini?"

Fundi akajikuna. "Mama, hii mimi sikuiona."

"Hukuitafuta. Ulikuwa unanichunguza mimi badala ya gari. Sasa itoe hapa, unifungie pembeni ya kiti changu, chini ya zulia. Hapa pabaki pamefunikwa hivi hivi kama palivyokuwa. Na mdomo wako ufunge."

Fundi alifanya kazi ile bila kuinua uso.

Akangoja siku ya mapumziko, watoto wote wapo, wameshiba, wamelegea vitini. Alivaa viatu vya kutokea, akatwaa mkoba, akatoka uani, akapiga stata mara kadhaa kwa makusudi ili wasikie, kisha akarudi mlangoni.

"Limegoma tena."

Macho ya kitindamimba yakaruka kwa kaka yake, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana, si mimi. Mama aliona. Kifunguamimba akainuka na kile kicheko chake cha upole.

"Ngoja nilijaribu, mama. Usijisumbue."

Wakatoka wote watatu. Jirani alikuwa kwenye zamu yake ukutani. Kifunguamimba akaingia, akaketi, akainama kurekebisha kiti. Mkono ukaenda kwenye kifuniko cha fyuzi, ukapenya nyuma yake, ukapapasa. Ukapapasa tena. Mama alisimama dirishani anautazama. Kijana akazungusha ufunguo. Stata ikalia hwi hwi hwi, na injini haikushika.

"Polepole, baba," mama akasema, taratibu, kwa maneno ya kumliwaza mgonjwa. "Umekumbuka kukanyaga klachi?"

Akajaribu tena. Shingo ilikuwa imeanza kuloa.

"Mpaka chini, mwanangu. Au umechoka? Kusahau si aibu. Ni umri tu."

"Mama..."

"Tuyaache, eeh? Nina daktari mmoja mzuri sana. Anakupa kalamu, unachora saa."

Mkono wake ulikuwa bado nyuma ya kile kifuniko. Hapo ndipo alipoutambua, akauchomoa haraka kama ameungua, na huo ndio ulikuwa ushahidi wote ambao mama aliuhitaji. Kitindamimba akaanza kulia.

"Usilie," mama akamwambia. "Machozi yako baki nayo. Nani aliyeweka?"

"Mimi," kifunguamimba akasema. "Nilimleta fundi mwingine ulipokuwa msibani. Mama, uligonga nguzo ya geti. Ulirudi nyuma ukagonga nguzo, ukashuka, ukaingia ndani kama hukugonga kitu. Nilikuwa barazani, nilikuona. Mtoto wangu alikuwa anacheza mpira pale pale. Tulikuogopea."

"Nguzo niligonga. Najua niligonga, sikio ninalo. Ungeshuka barazani ukaniambia, mama, umegonga nguzo, mimi naogopa. Ningekutukana, ndiyo. Ningekununia. Halafu ningekusikia."

"Usingekubali."

"Hukuniuliza! Ungenichukulia ufunguo ukautupa mtaroni, ningekuelewa. Wewe umenichukulia kichwa. Nyinyi wawili. Mimi nimeacha kuamini mikono yangu. Narudi jikoni kutazama jiko lililozimwa, narudi tena, na huyu dada yako anasimama mlangoni ananihurumia, na jioni ndiye aliyebonyeza!"

Sauti ilimpasuka mwishoni, na jirani kwa mara ya kwanza tangu ajenge pale akarudisha kichwa chake kwake.

Kifunguamimba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kichwa chini, na katika shati lake zuri alionekana yule aliyerudi kwa miguu juani.

"Toka hapo," mama akasema.

Akatoka. Mama akaketi mahali pake, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Akaingiza mkono pembeni ya kiti, akabonyeza. Ufunguo nusu. Pampu ikavuma. Akamalizia, gari likashika.

Kisha akanyoosha mkono akafungua mlango wa abiria, akamwonyesha sakafuni. Pedali ya pili ilikuwa pale pale, mpira wake umelika na viatu vyake mwenyewe.

"Unaiona hii? Uliijua tangu utoto. Kama ulikuwa unaogopa, mahali pako palikuwa hapa, pembeni yangu, na mguu wako juu ya breki. Si chini ya dashibodi na waya. Panda. Shangazi yako mmoja ananingoja, na kama umemsahau, mama mkubwa wako hana anayemchana nywele."

"Mama mkubwa," akarudia kama mjinga, akapanda.

Walitoka getini. Walipita ile nguzo yenye kovu, na mama akaitazama waziwazi ili aonekane anaitazama. Aliendesha kama anavyoendesha siku zote, mikono miwili, macho yanahama kutoka kioo hadi kioo, na hasira zake zimekaa katikati yao kama abiria wa tatu. Alikuwa ameshagundua kimoyomoyo kwamba ulimi umemteleza, amemwita dada yake shangazi kabla ya kumwita mama mkubwa, na alijua kijana amelisikia, na akamchukia kwa kulisikia.

Kwenye njia panda, pikipiki ikachomoza kutoka kushoto, nyuma ya lori lililoegeshwa. Gari likasimama, matairi yakalia kidogo. Mwenye pikipiki akapita huku akipunga mkono.

Mama alikuwa amekanyaga. Lakini mguu wake ulipofika kwenye pedali, pedali ilikuwa imeanza kushuka. Au alidhani tu imeanza? Alikaa, na kwa mara ya kwanza tangu alale chali chini ya dashibodi na tochi yake, hakuwa na hakika.

"Nani amekanyaga?" akauliza, bila kumtazama. "Mimi au wewe?"

Kijana akafungua mdomo. Mama aliuona ule upole ukimjia usoni, ule ule, aliuona unajipanga kusema ni wewe, mama. Ukakaa hapo kidogo. Kisha ukaondoka.

"Mimi," akasema. "Nimekuwahi, mama. Kidogo tu. Lakini nimekuwahi."

Nyuma yao mtu alipiga honi. Neno lile lilimwingia, likamchoma kuliko swichi, kuliko saa ya daktari, na hakukuwa na mahali pa kulirudisha kwa sababu lilikuwa la kweli. Hasira zake hazikuisha. Alijua atalala nazo na kuamka nazo, na wale wawili watazila kwa siku nyingi. Lakini mkono wake kwenye gia ulikuwa umetulia.

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena.

"Haya," akasema, akaachia klachi taratibu. "Mguu wako uache hapo hapo."